HESABU YA KALORI: JE, MBOGA NA MATUNDA VIANDIKWE DAFTARINI?

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani msemo huo ulikuwa wa wafanyabiashara na washika hazina. Siku hizi umeingia hata jikoni. Katika miji yetu, kuanzia Kampala mpaka Jinja, Mbarara na Gulu, wapo watu wengi, wake kwa waume, ambao wameshauriwa na waganga wapunguze uzito wa mwili, nao wameanza kuandika kila wanachokula. Wengine huandika katika daftari la shule, wengine katika simu zao za mkononi. Kila tonge limewekewa bei yake, na bei hiyo hutajwa kwa kipimo kiitwacho kalori. Jioni mtu hujumlisha, akajua kama amekula kupita kiasi au la.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo tumeona vema tulijadili leo. Je, mboga na matunda navyo viandikwe? Wapo wasemao kwamba hesabu ni hesabu: kila kiingiacho kinywani hakina budi kuandikwa, hata kama ni jani la mchicha. Wapo wengine wasemao kwamba mboga na matunda ni dawa ya mwili, hayajamnenepesha mtu yeyote, na kwa hiyo mtu ale atakavyo pasipo kuuliza.

Swali hili si dogo kama linavyoonekana. Mtu akilijibu vibaya upande mmoja, hujinyima papai na mchicha kwa kuogopa hesabu, huku chapati na soda zikiendelea kupita mlangoni bila kuulizwa. Akilijibu vibaya upande wa pili, hula sahani mbili za matoke na parachichi zima, akiamini kwamba ndizi ni tunda na tunda halina deni. Wote wawili hupoteza jitihada zao, na aghalabu hukata tamaa na kulitupa daftari kabisa. Kwa mwenye shinikizo la damu au dalili za ugonjwa wa kisukari, kulitupa daftari hilo si jambo la mzaha.

KALORI NI KITU GANI

Kabla ya kujibu, yafaa kwanza tujue kinachohesabiwa. Kalori ni kipimo cha nguvu, kama vile kilo ilivyo kipimo cha uzito. Kalori moja ya chakula ni joto linalotosha kupasha kilo moja ya maji kwa digrii moja ya sentigredi. Mwili huchoma chakula polepole, ukapata nguvu za kutembea, kulima, kufikiri na hata kupumua tukiwa usingizini. Nguvu ikizidi matumizi, mwili huiweka akiba, na akiba hiyo ndiyo mafuta tunayoyaona tumboni na viunoni.

Aliyeijengea hesabu hii msingi tunaoutumia hadi leo ni Mmarekani Wilbur Olin Atwater, profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, mjini Middletown, katika jimbo la Connecticut. Katika miaka ya 1890, yeye na mwenzake Edward Rosa, mtaalamu wa fizikia, walijenga chumba kidogo ambamo mtu aliingia akakaa siku kadhaa, akila, akilala na kufanya kazi, huku joto la mwili wake na hewa aliyoitoa vikipimwa kwa uangalifu mkubwa. Kutokana na kazi hiyo zikapatikana tarakimu tatu ambazo kila mhesabu kalori huzitegemea, ajue asijue: gramu moja ya wanga au sukari hutoa kalori 4, gramu moja ya protini hutoa kalori 4, na gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9.

Kitu ambacho hakimo katika orodha hiyo ni maji. Maji hayatoi kalori hata moja, na hapo ndipo penye siri ya mboga. Katika kila gramu 100 za mchicha mbichi, nyanya, kabichi, tango au tikiti maji, zaidi ya gramu 90 ni maji matupu. Ndiyo maana gramu 100 za mchicha zina kalori 23 hivi, za nyanya 18, za kabichi 25, na za tango 15 tu. Matunda yana sukari zaidi, lakini nayo yamejaa maji: gramu 100 za tikiti maji zina kalori 30 hivi, za papai 43, za chungwa 47, za nanasi 50, za embe 60, na za ndizi mbivu 89. Linganisha na gramu 100 za unga wa ngano, ambazo hukaribia kalori 360, au za karanga, ambazo hupita kalori 560, au za mafuta ya kupikia, ambazo ni karibu kalori 900. Tofauti iliyopo ni kama ile baina ya shilingi na noti.

SUFURIA MOJA YA MCHICHA

Wasomaji wetu wapenda mifano, nasi tutatoa mmoja ulio katika nyumba nyingi. Chukua mchicha, ambao hapa kwetu wengi huuita dodo, wa gramu 500. Ongeza nyanya za gramu 200 na vitunguu vya gramu 100. Kwa tarakimu za kawaida, mchicha una kalori 115, nyanya 36 na vitunguu 40. Jumla ya mboga zote zilizomo katika sufuria ni kalori 191.

Sasa mama au baba mpishi anamimina mafuta. Hapimi kwa kijiko. Anamimina kwa jicho, na jicho lina ukarimu. Ikiwa yamemiminwa mafuta ya nusu kikombe, yaani mililita 125 hivi, zimeingia humo kalori zipatazo 1,000. Sufuria nzima sasa ina kalori karibu 1,200, na zaidi ya sehemu nne kati ya tano za kalori hizo zimetoka katika chupa ya mafuta, hazikutoka bustanini. Watu watano wakigawana, kila mmoja amepata kalori 240, na katika hizo mchicha, nyanya na kitunguu vimemletea 38 tu.

Anayeketi jioni akaandika mboga katika daftari lake, akasahau mafuta, ameandika senti na kuacha shilingi. Na yule asemaye kwamba mboga hazihesabiwi, kisha akala mboga zinazoogelea katika mafuta, naye amejidanganya. Mboga yenyewe haina kosa. Kosa limo katika sahaba aliyeletwa nayo.

Ndivyo ilivyo pia barabarani. Vijana wa mjini hupenda chapati iliyokunjiwa mayai, ambayo wao huiita roleksi. Chapati ya gramu 60 za unga na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ina kalori zipatazo 340. Mayai mawili yana kalori 145 hivi, na kijiko kingine cha mafuta ya kukaangia kina kalori 120. Jumla imefika 605. Nyanya na kabichi iliyokatwakatwa ndani yake, tuseme gramu 80 kwa pamoja, zimeongeza kalori 17. Je, ni busara kuumiza kichwa kwa hizo 17, ilhali hizo 605 zimekisiwa kwa macho? Mtu akikosea unene wa chapati kwa ukucha mmoja tu, kosa lake limeshazipita kalori za kabichi ya juma zima.

NDIZI NI TUNDA AU NI UGALI?

Hata hivyo, lipo jambo moja linalotuhusu sisi wa nchi za Maziwa Makuu kuliko linavyowahusu watu wa Ulaya na Marekani ambako mashauri mengi ya lishe huandikwa. Huko, neno ndizi lina maana ya tunda moja la manjano linaloliwa baada ya chakula. Kwetu ndizi ni ukoo mzima. Iko matoke, ambayo ndiyo chakula chenyewe. Iko gonja, ya kuchoma. Iko bogoya, na iko ile ndizi ndogo ya sukari. Tena iko mbidde, ya kukamulia pombe. Mtu akiambiwa kwamba matunda hayahesabiwi, naye akala matoke kwa imani hiyo, msiba wa hesabu umeshatokea.

Gramu 100 za matoke yaliyochemshwa zina kalori baina ya 110 na 120, na karibu zote zimetoka katika wanga. Sahani ya gramu 400, ambayo kwa mtu mzima si kubwa, ina kalori baina ya 440 na 480. Ikimiminiwa mchuzi wa karanga uliotumia gramu 50 za karanga, zimeongezeka kalori zipatazo 285. Hatusemi haya kwa kuyalaumu matoke. Kinyume chake, yakifungwa katika majani ya mgomba na kuivishwa kwa mvuke, kama walivyofanya mabibi zetu, hayapati hata tone la mafuta, na ni chakula bora kuliko viazi vya kukaanga vinavyouzwa mjini. Tunasema tu kwamba mahali pake katika daftari ni pamoja na ugali, wali, viazi na mihogo. Shirika la Afya Duniani lenyewe, linapowashauri watu wazima wale mboga na matunda yasiyopungua gramu 400 kwa siku, haliingizi humo viazi, mihogo na vyakula vya mizizi vyenye wanga mwingi. Kwa mantiki hiyo hiyo, nasi tunayaweka matoke nje ya fungu hilo.

Mtaalamu wa mimea atatuambia kwamba nyanya, biringanya na tango ni matunda, kwa kuwa yana mbegu; mpishi atamkatalia, naye ana haki yake. Kwa mhesabu kalori jina si hoja. Hoja ni kilichomo: maji mengi au wanga mwingi, mafuta au hapana. Parachichi ni tunda kwa kila mtu, lakini gramu 100 zake zina kalori zipatazo 160 na mafuta gramu 15. Parachichi moja lenye nyama ya gramu 200 lina kalori 320, sawa na sahani ndogo ya chakula. Mafuta yake ni mazuri kwa moyo, wala hatumzuii mtu kulila. Twasema tu aliandike.

Jambo hili linataka pia tahadhari kwa wanaotumia programu za simu. Nyingi zimetengenezwa kwa vyakula vya ng'ambo, na mtu akitafuta ndizi aghalabu huonyeshwa ndizi mbivu ya kimenya. Habari njema ni kwamba majedwali ya vyakula vyetu yapo. Tanzania ilipata majedwali yake mwaka 2008, na Kenya ilitoa yake mapya mwaka 2018. Kwa upande wa Uganda, shirika la HarvestPlus lilitoa mwaka 2012 jedwali la vyakula vya sehemu za Kati na Mashariki ya nchi. Anayetaka tarakimu za chakula cha nyumbani na azitafute humo.

SOMO LILILOTOKA MULAGO

Inafaa wasomaji wakumbuke kwamba sehemu kubwa ya yale ambayo dunia inajua leo juu ya faida ya mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa ilianza kufikiriwa hapa hapa. Daktari Hugh Trowell alifanya kazi Kenya, kisha katika hospitali ya Mulago, Kampala, tangu miaka ya 1930 hadi mwisho wa miaka ya 1950. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946, akakaa karibu miaka 20. Wote wawili walishangaa kwamba magonjwa yaliyozijaza hospitali za Uingereza, kama vile kuziba kwa mishipa ya moyo, kisukari cha ukubwani na maradhi kadha wa kadha ya utumbo mpana, yalikuwa haba sana miongoni mwa wanavijiji wa Uganda. Hata ilipofika mwaka 1956, mgonjwa mmoja tu Mwafrika wa mishipa ya moyo alikuwa jambo la kuandikiwa katika jarida la tiba la Afrika ya Mashariki, na waandishi wake walikuwa Trowell na mwenzake Singh.

Baadaye madaktari hao wawili waliungana katika hoja moja: kwamba tofauti kubwa imo katika nyuzinyuzi, yaani yale makapi laini ya mimea ambayo tumbo haliwezi kuyasaga. Mwaka 1975 walitoa kitabu cha kitaalamu juu ya vyakula vilivyokobolewa na magonjwa yatokanayo navyo. Zamani nyuzinyuzi zilionekana kuwa takataka, kitu cha kuondolewa kinuni na kutupiwa kuku. Wao wakaonyesha kwamba takataka hiyo ina kazi: hushibisha, hupitisha chakula tumboni kwa wepesi, na huizuia sukari isikimbilie damuni kwa pupa.

Wataalamu waliofuata wameyapunguza baadhi ya madai ya wakati ule na kuyathibitisha mengine. Lakini shina la hoja limesimama. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu mzima apate walau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka katika vyakula vyenyewe. Nyuzinyuzi hizo hazimo katika soda, wala katika mafuta, na katika unga mweupe zimo kidogo tu. Zimo katika maharage, nafaka zisizokobolewa, mboga na matunda. Basi anayeyafuta matunda katika mlo wake ili apunguze kalori 100 za daftarini, amefuta pia ulinzi ambao madaktari wa Mulago waliuona kwa wakulima wetu.

TUNDA ZIMA NA JUISI YAKE

Hapa lazima tuonye juu ya kitu kinachowadanganya wengi, nacho ni juisi. Mwaka 1977 wataalamu wa Bristol, Uingereza, walichapisha katika jarida la Lancet jaribio lililokuwa rahisi na lenye mafunzo. Waliwapa watu 10 wenye afya matufaha kwa namna tatu: mazima, yaliyopondwa kama uji, na juisi iliyochujwa. Kila namna ilikuwa na gramu 60 za wanga ule ule. Juisi iliweza kunywewa upesi mara 11 kuliko kula tunda zima, na mara 4 kuliko ule uji. Waliokula tunda zima walishiba zaidi ya waliokula uji, na wa uji walishiba zaidi ya waliokunywa juisi. Tena, baada ya juisi sukari ya damu ilipanda kisha ikaanguka, jambo ambalo halikutokea baada ya tunda zima.

Maana yake ni nini kwa anayehesabu? Machungwa matatu yakiliwa moja moja, kwa kumenywa na kutafunwa, huchukua muda, na wengi huishia mawili. Yakikamuliwa, huisha kwa mikupuo michache, na mnywaji bado anatazama sahani ya chakula. Kalori za machungwa matatu yenye nyama ya gramu 150 kila moja ni kama 210. Zikiongezwa vijiko vinne vya sukari, kama ifanywavyo katika vibanda vingi, zimezidi kalori 60 nyingine. Katika mwongozo wake wa mwaka 2015 kuhusu sukari, Shirika la Afya Duniani lilitaka sukari iliyoongezwa katika chakula na vinywaji isifikie sehemu moja ya kumi ya nguvu za siku. Kwa mtu wa kalori 2,000 kiasi hicho ni gramu 50. Shirika lilitia sukari ya juisi katika katazo hilo, lakini sukari iliyomo ndani ya tunda bichi likiwa zima halikuitia. Soda ya mililita 300 peke yake ina sukari ya gramu 30 au zaidi kidogo.

Matunda yaliyokaushwa nayo yana hila ya namna hiyo. Maji yametoka, sukari imebaki. Gramu 100 za tende zina kalori zipatazo 280. Kiganja kimoja cha nanasi kavu kilikuwa sehemu kubwa ya nanasi kabla ya kukaushwa.

WENZETU WALIVYOAMUA

Mashaka haya hayakutukumba sisi peke yetu. Kampuni ya Marekani iitwayo Weight Watchers, iliyoanzishwa mwaka 1963 kwa ajili ya kuwasaidia watu kupunguza unene, kwa miaka mingi iliwahesabia wanachama wake kila tunda kwa pointi, kama ilivyohesabu vyakula vingine. Mwishoni mwa mwaka 2010 ilibadili utaratibu, ikayapa matunda karibu yote na mboga nyingi pointi sifuri. Kampuni ilijua kwamba ndizi ina kalori. Lakini ilitambua kwamba mtu akiona ndizi na biskuti zina bei moja daftarini, atachukua biskuti. Daftari zuri haliandiki yaliyopita tu. Humwongoza mtu katika yajayo.

Wapinzani wa utaratibu huo nao wana hoja. Bogoya tano zenye nyama ya gramu 120 kila moja zina kalori 530 hivi, na mwili hauna habari kwamba kampuni imeziandikia sifuri. Haba na haba hujaza kibaba, hata ikiwa haba hizo ni za embe. Hoja hiyo ni ya kweli, nasi hatuwezi kuipuuza.

VIKAPU VITATU

Baada ya kuzipima hoja za pande zote, sisi tunaona kwamba jibu si kuandika vyote wala kuacha vyote. Mtu na agawe mazao ya bustani na shamba katika vikapu vitatu.

Kikapu cha kwanza ni cha majani na mboga zenye maji mengi: mchicha, nakati, sukuma wiki, kabichi, nyanya, nyanya chungu, biringanya, bamia, tango, maboga na vitunguu. Hivi visiandikwe. Kiandikwe kilichovipika: mafuta, karanga, tui la nazi, siagi. Na mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kwa jicho.

Kikapu cha pili ni cha matunda mabichi yaliwayo mazima: papai, chungwa, nanasi, embe, tikiti maji, mapera, fenesi, ndizi mbivu. Haya yahesabiwe kwa idadi, si kwa kalori. Mtu ajiwekee matunda mawili au vipande vitatu kwa siku, ayale kwa furaha, na asiulize zaidi. Ikiwa majuma kadhaa yamepita na uzito haukupungua, hapo ndipo ayaingize katika hesabu kamili, aone kama huko ndiko kunakovuja. Mara nyingi atagundua kwamba kunavuja kwingine.

Kikapu cha tatu ni cha vyote vyenye wanga mwingi au mafuta, hata kama vimetoka mtini: matoke, gonja, viazi, mihogo, mahindi, parachichi, nazi na karanga, pamoja na juisi zote na matunda makavu. Hivi viandikwe bila huruma, kama chakula kingine chochote.

Utaratibu huu una faida moja kubwa. Mwenye kuandika jani kwa jani huchoka kabla ya mwezi kwisha, ilhali mwenye kuandika vitu vinne au vitano kwa siku aweza kuendelea mwaka mzima. Kwa hesabu ya namna hii, kudumu kuna thamani kuliko usahihi wa senti, maana hata tarakimu za Atwater ni za wastani, na embe la mti huu si embe la mti ule.

PALE HESABU INAPOGEUKA

Wapo watu ambao kanuni hii haiwatoshi. Mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini, anahesabu wanga, si kalori peke yake, na wanga wa embe au ndizi mbivu ni wanga. Yeye na aandike kila tunda, kwa kadiri alivyoelekezwa na daktari wake. Lakini asidhani kwamba amekatazwa matunda. Tunda zima kwa kipimo ni ruhusa. Juisi ndiyo ya kuogopwa. Mgonjwa wa figo naye huenda akaagizwa apunguze ndizi, parachichi na mboga fulani kwa sababu ya madini ya potasiamu. Huyo afuate agizo la hospitali, wala asifuate gazeti.

Mwisho kabisa wapo watoto. Kwa mtoto mdogo hesabu yote hugeuka. Tumbo lake ni dogo, na matoke yana protini ipatayo gramu moja tu katika kila gramu 100. Akishibishwa kwa matoke na majani matupu, hujaa tumbo na kubaki na njaa ya mwili. Trowell huyo huyo wa Mulago, pamoja na wenzake, waliandika mwaka 1954 kitabu juu ya kwashiakoo, ugonjwa ulioangamiza watoto wengi katika nchi za ndizi. Katika miaka ya 1960 kikaanzishwa hapo Mulago kituo cha lishe cha Mwanamugimu, ambacho kiliwafundisha akina mama kupika kitobero, yaani kuivisha pamoja, ndani ya jani la mgomba, matoke au viazi, maharage au karanga, samaki au maziwa, na mboga. Kwa mtoto wa namna hiyo parachichi na karanga, zile zile tulizomwambia mtu mzima mnene aziandike kwa uangalifu, ni neema. Baba na mama wanaopunguza uzito wasimvute mtoto katika daftari lao.

Ndugu wasomaji, babu zetu hawakujua kalori, na walikuwa wembamba kwa kuwa walilima, walitembea, na mafuta na sukari vilikuwa adimu mezani. Sisi tumepata vyote hivyo kwa wingi, na kazi zetu ni za kuketi. Daftari basi lina faida yake, lakini likamate mwizi wa kweli. Yumo katika chupa ya mafuta, katika kopo la sukari, katika kikaango cha barabarani na katika sahani inayojazwa mara ya pili. Mchicha, nakati na papai hazikutuibia kitu. Tuziache ziingie kwa wingi bila kuandikwa, na kalamu tuitumie kwa yale mengine.